Nyuzi za Shujaa

Mtaani walimwita Dada Pasi, na hata kadi ya mwaliko ikija iliandikwa hivyo hivyo. Alikuwa dobi, mtoto wa dobi. Chumba cha mbele cha nyumba yao kilikuwa cha kazi: meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu na shuka juu yake, pasi mbili, moja ikifanya kazi huku nyingine ikipata moto, beseni la wanga, na dirisha lililoachwa wazi mchana kutwa ili joto lipate pa kutokea. Uani kamba zilikwenda kutoka ukuta hadi ukuta, na siku ya jua mtu akitaka kuvuka kwenda msalani ilimbidi apite ameinama kama mwizi.

Mteja akileta nguo hakupewa karatasi wala namba. Hiyo ilikuwa sheria ya marehemu mama yake. Mama alikuwa akisema kuwa ukitia alama kwenye nguo ya mtu, umemwambia wazi kwamba hukumtazama alipoingia. Kwa hiyo Dada Pasi alizijua nguo za watu kama wengine wanavyojua watoto wa jirani. Mashati ya mwalimu yalilika ukosi upande mmoja, upande anaolaza shingo akisahihisha kazi za wanafunzi. Suruali za fundi bomba zilizeeka magoti huku kwingine kote zikiwa bado changa. Kulikuwa na bibi mmoja mjane ambaye kila mara alileta shati lile lile la kiume, safi, lifuliwe tena. Nalo lilijulikana, na hakuna aliyeuliza.

Tena Dada Pasi alikuwa na tabia yake moja. Kabla pasi haijagusa nguo, aliigeuza nje ndani, akapitisha kidole kwenye ukosi na kwenye pindo, na kila uzi uliochomoza aliukata kwa mkasi mdogo, akauvingirisha vidoleni na kuutia mfukoni mwa gauni la kazi. Mwaka ule nyuzi zilikuwa nyingi kupita kawaida.

"Mafundi cherehani wa siku hizi," alikuwa akinung'unika, "wanamaliza mshono kama wanafukuzwa na mbwa."

Mwenzake kazini alikuwa mdogo wake, ambaye watu wote walimwita Shujaa. Yeye ndiye aliyepokea nguo uani, akazifua na kuzianika. Dada Pasi akapiga pasi. Halafu nguo zikarudi kwa Shujaa azitenganishe mafungu, la huyu na la yule, na kuyafunga. Ndivyo walivyogawana kazi tangu mama yao alipofariki. Shujaa alikuwa mtu mzima, umri wake umepita thelathini, lakini kimo chake kilikuwa cha mvulana na wateja wageni walimwambia, "Kijana, mwenye duka yuko?" Kichwani hakuvua kofia yake ya kufuma, jua liwe kali namna gani. Chini ya kofia, kisogoni, palikuwa na sehemu isiyoota nywele, laini kama kiganja cha mtoto.

Sehemu hiyo ilitoka mbali. Alipokuwa na miaka sita alianza kutapika kila akiamka, kisha akawa anayumba akitembea, watoto wenzake wakimcheka. Katika hospitali kubwa waligundua uvimbe kichwani. Wakaupasua na kutoa walichoweza kutoa, na kilichobaki kikaachiwa mionzi. Kila siku ya kazi, wiki baada ya wiki, mtoto yule alilazwa peke yake kwenye chumba chenye mlango mzito, uso umefunikwa kinyago cha plastiki kilichobanwa kitandani, na alitakiwa asitikisike hata kidogo. Siku ya kwanza alipiga mayowe mpaka sauti ikakauka. Mama yao akashindwa, akatoka nje kulilia ukutani.

Aliyebaki kwenye dirisha la kioo la chumba kile ni dada yake, msichana mwembamba aliyekuwa bado hajavunja ungo. Mtu wa mashine akamtazama, akamsogezea kipaza sauti. "Zungumza naye," akamwambia. "Atakusikia humo ndani."

Msichana hakuwa na hadithi hata moja kichwani. Alichokijua ni kazi ya nyumbani. Akasema: "Haya, usitikisike, tunakunja shuka. Lile kubwa la hoteli. Shika ncha zako, mimi nimeshika zangu. Usilivute sana. Sasa likung'ute kidogo. Sasa njoo kwangu, taratibu, njoo, nipe ncha zako. Nimezipokea. Inama ushike mkunjo wa chini. Rudi nyuma."

Ndani ya chumba kile mtoto akanyamaza. Alikunja kwa mawazo tu, mwili umetulia kama shuka lenyewe. Kuanzia siku hiyo ikawa hivyo, wakakunja mashuka ya hoteli zote za dunia. Wauguzi ndio waliompa jina. Shujaa kaja, Shujaa kaondoka. Jina likamfuata nyumbani, likamfuata shule. Uvimbe haukurudi. Mama akawaambia majirani kuwa mwanawe amepona, yamekwisha, na kila mtu akalichukua neno hilo likakaa.

Shujaa peke yake ndiye aliyejua kuwa hayakwisha, na hakujua aseme nini. Shuleni mwalimu alipofika hesabu ya tatu, yeye alikuwa bado anaipenda ile ya kwanza. Akipewa muda aliipata. Muda ndio haukuwepo. Mchana ukifika alichoka kama aliyebeba mawe. Alipokua zikaja zile siku alizoziita siku za ukungu. Dada yake alimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, soksi moja mguuni na nyingine mkononi, anaitazama.

"Shujaa mzima unashindwa na soksi?"

"Hii soksi ina nguvu, Dada. Hujaijua."

Wakacheka, naye Dada Pasi akaenda zake kuwasha pasi, akidhani kicheko kimemaliza kazi. Hakuona kwamba jina lile lilikuwa limekaa juu ya mdogo wake kama kifuniko juu ya chungu. Kila alipotaka kusema jambo, walimkumbusha kuwa yeye ni nani.

Basi mwaka huo wa nyuzi nyingi, nguo zikaanza kupotea njia. Asubuhi moja fundi bomba aliingia chumba cha mbele amevaa shati lililokataa kufunga tumboni.

"Dada Pasi, nieleze. Mimi nimenenepa, au ninyi mmelifua shati mpaka likarudi utotoni?"

Kabla hajajibiwa mwalimu naye akaingia, mikono ya shati ikimfunika mpaka kwenye kucha. Wakatazamana. Fundi bomba akaangua kicheko. "Mwalimu! Hebu kunja mikono hiyo uje unisaidie kuzibua choo cha watu."

"Nami wewe nikupe chaki," mwalimu akasema, lakini kicheko chake kilikuwa kifupi. Akamgeukia Dada Pasi. "Tangu enzi za mama yenu sijawahi kurudishiwa nguo isiyo yangu."

Neno hilo lilimchoma Dada Pasi kuliko pasi yoyote. Wateja walipoondoka alikwenda uani.

"Kutenganisha mafungu tu, Shujaa! Watu ni wale wale, nguo ni zile zile umezijua toka unajifunza kutembea!"

"Nilidhani..."

"Ulidhani nini?"

Shujaa alikuwa ameshika ukosi wa shati, anaupekua kwa ndani, anautazama, anaupekua tena. "Basi, Dada. Hakuna."

Ikatokea tena, na tena. Lile shati la bibi mjane lilikwenda kwa dereva wa lori, na siku liliporudi kwa mwenyewe, bibi alilipokea kwa mikono miwili, akalinusa, akaondoka. Hilo ndilo lililomvunja Shujaa. Kesho yake hakuamka kufua. Wala kesho kutwa. Alilala amegeukia ukuta na kofia yake kichwani. Alipopelekewa chakula alisema ahsante kwa adabu kabisa na hakula.

"Tafuta mtu mwingine wa kazi, Dada," akasema siku moja kuuelekea ukuta. "Kichwa hiki hakiaminiki tena."

"Pumzika tu, kitatulia."

"Hakitatulia."

Asubuhi iliyofuata Dada Pasi alikuta juu ya meza ya kupigia pasi fungu la nguo limefungwa vizuri, kona zimekutana, kamba imekazwa kwa fundo la mama yao. Zilikuwa nguo za Shujaa. Zote, hata sweta lake la sikukuu.

"Hizi unazipeleka wapi?"

"Wape watu. Bado nzuri." Alisema kama mtu anayesema sabuni imekwisha. "Mimi natamani kulala tu, Dada, nisiwe na kuamka. Sitaki kukusumbua."

Dada Pasi alizima pasi. Hakubadili nguo, hakufunga dirisha. Alimwambia, "Vaa viatu," na aliposhindwa na soksi alipiga magoti akamvalisha mwenyewe, akamshika mkono kama alivyomshika zamani wakivuka barabara kwenda hospitali, na hakuuachia mpaka walipofika.

Daktari alikuwa mama wa makamo. Kifungo kimoja cha koti lake hakikufanana na vingine, na Dada Pasi alikiona kifungo kabla hajauona uso. Daktari alimwomba Shujaa avue kofia. Akazunguka nyuma yake, akatazama kisogo muda mrefu bila kukigusa.

"Ulipigwa mionzi hapa. Ulikuwa na umri gani?"

"Miaka sita," Dada Pasi akajibu. "Lakini hayo yaliisha, Daktari, alipona. Tatizo lililotuleta ni..."

"Uvimbe ulipona," daktari akasema. "Dada, naomba anijibu mwenyewe."

"Anachelewa kidogo kujibu."

"Achelewe. Nimekaa."

Dada Pasi aliuma ulimi ili usimtoroke. Hakuwa ameona kabla ya siku hiyo ni mara ngapi humalizia mdogo wake sentensi. Huko nje mtu alikuwa akisukuma kitanda chenye gurudumu linalolia, kikaja, kikapita, kikapotea, na Shujaa bado anatafuta mahali pa kuanzia.

"Natia nyuzi," akasema mwishowe.

"Nyuzi gani?"

"Kwenye nguo. Nimeanza kusahau. Naliangalia shati nililolifua maisha yangu yote, najua kuwa nalijua, ila mwenyewe haji. Sikutaka Dada ajue. Basi nguo zikiletwa tu, kabla ya maji, nilikuwa natia mshono mmoja mdogo ndani ya ukosi. Kijani ni mwalimu. Nyekundu ni fundi bomba. Njano ni yule bibi. Nikajisemea, hata nikisahau, uzi utanikumbusha. Lakini nguo zikitoka kwenye pasi, nikitafuta uzi, haupo. Ukosi mtupu. Nikasema nimesahau kutia. Nikawa natia huku najisemesha kwa sauti, nimetia, huu hapa, nimeutia. Nguo ikirudi, haupo. Sasa, Daktari, mtu anayekumbuka vizuri kabisa jambo ambalo hakulifanya, huyo si ameshapata wazimu?"

Mkono wa Dada Pasi ulikuwa tayari mfukoni. Ulikwenda huko wenyewe. Gauni lilikuwa lile lile la kazi, na vidole vikakutana na kidonge cha nyuzi alizokuwa akizikusanya, kikubwa sasa kama ndimu. Akakitoa, akakiweka mezani kwa daktari. Kijani. Nyekundu. Njano. Kijani.

Shujaa alikitazama.

"Ni mimi," Dada Pasi akasema. "Nilikuwa nazikata mimi. Nilidhani ni uchafu wa mafundi."

"Zote?"

"Zote, mdogo wangu. Nimewatukana mafundi cherehani wa mji mzima."

Shujaa alinyoosha kidole, akavuta uzi mmoja wa kijani ukafunguka polepole kutoka kwenye kidonge. Mabega yake yakaanza kutikisika. Dada Pasi aliogopa, akadhani analia, na kweli alikuwa analia, lakini kicheko kilikuwemo pia, vyote viwili vikisukumana kutoka kwenye mlango mmoja.

"Kwa hiyo nilizitia," akasema.

"Ulizitia. Kila moja. Tena mshono safi, kuzikata nilikuwa napata taabu."

Daktari aliwaacha mpaka wakajifuta. Halafu akasema kuwa nyuzi hazimalizi habari yote, na hataki waondoke wakidhani hivyo. Kusahau kwa Shujaa ni kwa kweli. Kuchelewa kwake ni kwa kweli, na uchovu, na kimo chake, na zile siku za ukungu. Mionzi ilifanya kazi iliyotumwa, lakini ubongo wa mtoto wa miaka sita ulikuwa bado unajengwa, na haukuweza kupigwa upande mmoja upande mwingine usisikie. Mambo mengine hujitokeza miaka mingi baadaye, wakati watu wote wameshasahau. Huzuni nayo ni hivyo hivyo. Wengi waliotibiwa namna ile utotoni hufikwa nayo wakishakuwa wakubwa, na wengi hukaa kimya, kwa sababu waliambiwa wamepona.

"Si uvivu," akasema. "Si wazimu. Wala si tabia yako."

Shujaa alifikiri. Safari hii Dada Pasi alimsubiri bila kuuma ulimi.

"Ni kama ile dawa kali ya madoa," Shujaa akasema. "Ukiitia kwenye nguo changa. Doa linatoka, na nguo inabaki, lakini kitambaa kinakonda pale. Huwezi kukikamua kama kingine. Unakikamua kwa mkono, polepole."

"Hapo umenisaidia," daktari akasema. "Kuna wagonjwa wengine nitawaelezea hivyo."

Akaandika vipimo vya damu, na picha ya kichwa wapate uhakika kuwa hakuna kipya, na dawa ya huzuni ambayo itachukua wiki kadhaa kabla hajaisikia. Kisha akaweka kalamu chini, akamwuliza Shujaa waziwazi juu ya lile fungu la nguo, na juu ya kutamani kulala asiamke, na Shujaa akajibu waziwazi, na Dada Pasi alikaa pale akasikia yote. Hawakuondoka mpaka walipokutanishwa na mshauri ambaye Shujaa angekuja kuzungumza naye kila wiki, kijana mpole mwenye sauti ya chini, na mpaka Dada Pasi alipojua ni mlango upi wa kugonga siku ambayo haiwezi kungoja.

Wakarudi kwa miguu, taratibu. Nyumbani dirisha lilikuwa bado wazi, na fungu la nguo za Shujaa lilikuwa bado mezani. Dada Pasi alilifungua, akazirudisha nguo moja moja kabatini kwake, sweta likiwa la mwisho.

Ukungu haukuondoka kwa sababu umepewa jina. Zilikuwepo siku Shujaa aliamka akafua, akapiga na mluzi, na zilikuwepo siku za soksi. Siku za soksi Dada Pasi hakumtania tena na kuondoka. Aliketi naye kitandani. Wakati mwingine walizungumza, wakati mwingine waliitazama tu ile soksi, wote wawili, mpaka ikachoka yenyewe.

"Dada," alimwambia siku moja kati ya hizo. "Siku kama ya leo usiniite Shujaa."

"Nikuiteje?"

"Kule kwa daktari uliniita mdogo wangu."

"Si ndivyo ulivyo?"

"Basi niite hivyo."

Sheria ya mama nayo ikavunjwa, mchana kweupe, mbele ya wateja. Shujaa alimketisha dada yake kwenye stuli, akampangia rangi: huyu kijani, huyu nyekundu, na bibi ni njano, uzi mwembamba kabisa, uzi wa hariri, usilikwaruze lile shati. Dada Pasi alitia nyuzi pamoja naye, na mkasi wake akauweka kwenye droo, kwa sababu mkono ni mkono, unaweza kusahau. Fundi bomba alipogundua ukosini mwake alama nyekundu alivimba kichwa, akamwonyesha mwalimu. "Mimi wamenitia nishani. Wewe wamekutia majani." Bibi mjane naye siku moja alileta kibobini cha uzi wa njano, wa zamani, mzuri, akakiweka dirishani akaenda zake.

Neno moja lilikuwa limebaki kifuani mwa Dada Pasi tangu siku ile ya daktari. Alilibeba kwenye wanga na kwenye moshi wa pasi, na lilimtoka uani, jioni moja jua likiwa bado juu ya ukuta, wakikunja mashuka ya nyumba ya wageni. Alikuwa ameshika ncha zake. Shujaa alikuwa mwisho wa pili, ameshika zake.

"Ni mimi niliyekuwa nakwambia utulie," akasema. "Kila siku. Kwenye kile kipaza sauti. Usitikisike, usitikisike. Na kile kitu kinakuingia kichwani."

Shuka lilining'inia kati yao, linapepea kidogo katikati. Zamani Dada Pasi angelivuta, angesema haya basi, twende, kazi ni nyingi. Sasa alisimama na ncha zake akamngoja, kama mtu anayengoja chungu kichemke na ana imani kuwa kitachemka.

"Ningetikisika," Shujaa akasema, "leo ungekunja na nani?"

Akalikung'uta shuka, kidogo, kama walivyofundishwa. Kisha akaja kwake, taratibu, mpaka vidole vyao vikakutana, akampa ncha zake, akainama kushika mkunjo wa chini.